Malagarasi: Mto, Samaki Wake na Historia ya Maji Yanayochepushwa

Mto Malagarasi huanza karibu na Ziwa Tanganyika na kuishia katika ziwa hilohilo, lakini kati ya mwanzo na mwisho huo huzunguka kilomita 475. Chimbuko lake liko katika milima ya kusini-mashariki mwa Burundi. Badala ya kuteremka magharibi kama vijito jirani, hulipa ziwa mgongo, huelekea kaskazini-mashariki na kuwa mpaka kati ya Burundi na nyanda za juu za Kigoma. Hukata kona, huingia Tanzania, kisha hupotea katika vinamasi vya mafunjo vinavyolishwa pia na Muyovozi na Ugalla. Ukitoka huko hugeukia magharibi, hupokea Luchugi unaoshuka kutoka Kasulu, hupita Uvinza, huanguka kwenye maporomoko ya Igamba na kumwaga maji yake ziwani kusini ya Ujiji. Katika mito yote inayoingia Tanganyika, hakuna wenye bonde pana kama lake: takriban kilomita za mraba 130,000.

Nyanda za Kasulu, Kibondo na Kakonko ndiyo dari ya bonde hilo. Mtendeli, eneo lililokuwa ndani ya Wilaya ya Kibondo mpaka Kakonko ilipokatwa kuwa wilaya mwaka 2012, imo katika nyanda hizo. Hakuna mto mkubwa wa kujivunia hapa. Kuna vijito vinavyopita kati ya vilima vya miombo, vyenye matete kandokando, vinavyojaa kuanzia mvua za Novemba na kunywea kiangazi hadi mtoto akavuka bila kulowa magoti. Kwa mpita njia ni maji ya kuchota na kufulia tu. Ndiyo maana historia ya uvuvi mkoani Kigoma imeandikwa zaidi kwa dagaa na migebuka wa ziwani, na samaki wa vijito wakabaki nje ya vitabu hadi karibu na mwisho wa karne ya 20.

Mto Malagarasi wenyewe ni mzee kuliko ziwa unaloingia. Wanajiolojia hukadiria kwamba bonde la Tanganyika lilianza kudidimia miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita, na Malagarasi wa kale unadhaniwa kuwa ulikuwa ukitiririka moja kwa moja magharibi kuelekea Kongo kabla ardhi haijapasuka na kuukata njiani. Ushahidi mmoja uko majini. Katika Malagarasi wamo samaki ambao ndugu zao wa karibu wako ng'ambo ya ziwa, katika mto Kongo. Mmojawapo ni bunju mkubwa, Tetraodon mbu, anayejivimbisha kama mpira akitishwa. Mwingine ni Polypterus mwenye magamba magumu na safu ya mapezi madogo mgongoni. Ziwa lilipojaa, samaki hao walibaki upande wa mashariki kama watu waliolala ugenini na asubuhi wakakuta daraja limevunjika.

Samaki wa bonde hili wanagawanyika katika makazi mawili ambayo hayafanani hata kidogo, na bila kuujua mgawanyo huo ni vigumu kuelewa kwa nini tuta moja dogo linaweza kumnufaisha samaki mmoja na kummaliza mwingine.

Makazi ya kwanza ni vinamasi. Eneo la Malagarasi na Muyovozi, pamoja na maziwa madogo ya Sagara na Nyamagoma, liliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar likiwa na hekta milioni 3.25, la kwanza kwa Tanzania. Kambale na kamongo wanatamba humo, kwa kuwa wote wawili huweza kupumua hewa pale maji yanapokosa oksijeni chini ya mafunjo yanayooza. Yumo pia karomo, perege wa Malagarasi ambaye jina lake la kienyeji lilichukuliwa na wanasayansi kama lilivyo: Max Poll, Mbelgiji, alimwandika mwaka 1948, na leo anaitwa Oreochromis karomo. Rosemary Lowe, mtaalamu Mwingereza aliyezunguka maji mengi ya Afrika Mashariki, alichapisha mwaka 1956 uchunguzi wake kuhusu jinsi karomo anavyozaliana. Dume hutengeneza kiota chini kwenye maji ya kina kifupi na kukilinda. Jike huja, hutaga, na papo hapo huokota mayai kwa mdomo, akaondoka nayo. Dume hubaki na kiota kitupu akingoja mwingine.

Maisha ya kinamasi yanafuata mafuriko. Mvua za kwanza zinapopandisha maji na kufunika nyasi, kambale huondoka usiku kwenye mkondo, huingia katika maji mapya ya kufika kifundoni, hutaga juu ya majani na kurudi. Vifaranga hukulia huko kwenye nyasi zilizozama, penye wadudu wengi na samaki wakubwa wachache. Maji yakichelewa kupanda, au yakipanda na kushuka ndani ya siku chache, mayai hukauka juu ya nyasi.

Makazi ya pili ni mawe. Mahali ambapo vijito vya nyanda za juu vinavunjikia kwenye miamba, maji ni ya kasi, baridi na yenye hewa nyingi. Humo wanaishi samaki wadogo wa jenasi ya Orthochromis, jamaa wa mbali wa perege. Ni wembamba, hukaa chini kabisa wakijibana katikati ya mawe, na husogea kwa kurukaruka kutoka jiwe hadi jiwe kuliko kuogelea. Jike wao naye hubeba mayai mdomoni. Anaonekana shavu limetuna, hali chochote, amejibanza nyuma ya jiwe ambapo mkondo hauna nguvu, mpaka watoto watoke. Samaki wa namna hii havuki kinamasi. Maji ya polepole yenye tope ni ukuta kwake, kama ambavyo maporomoko ni ukuta kwa kambale. Kwa hiyo kila kijito chenye mawe kiligeuka kisiwa, na katika visiwa hivyo kila kundi likawa na sura yake.

Jambo hili lilijulikana rasmi mwaka 1998 tu. Mwaka huo Luc De Vos wa Ubelgiji na Lothar Seegers wa Ujerumani waliwaandika kwa mpigo Orthochromis saba wapya kutoka mabonde ya Malagarasi, Luiche na Rugufu. Majina waliyowapa ni ramani ya mkoa na jirani yake: kasuluensis wa Kasulu, uvinzae wa Uvinza, luichensis wa mto Luiche, rugufuensis wa Rugufu, mosoensis wa Moso na mazimeroensis wa mto Mazimero, wawili hawa wakiwa wa Burundi. Wa saba, rubrolabialis, aliitwa hivyo kwa wekundu wa midomo yake. Kabla yao alikuwa akijulikana malagaraziensis, aliyeandikwa mwaka 1937. Mwaka 2003 ukaongezeka Neolamprologus devosi kutoka sehemu ya chini ya Malagarasi, aliyepewa jina la De Vos mwenyewe. Ndugu zake karibu wote ni wa ziwani, naye anaishi mtoni. Si jambo dogo kwa mji kama Kasulu kuwa na samaki mwenye jina lake, ingawa wengi wanaonunua dagaa sokoni hapo hawajamsikia.

Uvuvi wa zamani katika maji haya haukuwa kazi ya kudumu kwa Waha, ambao ni wakulima na wafugaji. Ulikuwa kazi ya msimu. Chombo chake kikuu kilikuwa mgono, kapu refu lililosukwa kwa fito au matete, lenye mdomo mpana na koo jembamba la vijiti vilivyochongoka kuelekea ndani. Samaki akipenya, vijiti humruhusu, akigeuka, humchoma. Mgono mmoja hauna faida kubwa. Nguvu yake iko kwenye uzio: safu ya vijiti na majani iliyokatisha mkondo kutoka ukingo hadi ukingo, yenye matundu machache, na kila tundu limewekewa mgono. Mvua zikianza, mdomo huelekezwa upande ambao samaki wanapanda kwenda kutaga. Maji yakipungua, hugeuzwa ili kuwapokea wanaorudi.

Uzio huo nao ulikuwa kizuizi cha mto, na haifai kuusifu kupita kiasi. Wavuvi waliojua kazi yao waliweza kubakisha samaki wachache sana nyuma yao, na utupa, mmea uliopondwa na kumwagwa majini ili samaki walewe, uliua wakubwa na wadogo bila kuchagua. Tofauti ni muda. Uzio wa matete uliishi msimu mmoja. Mafuriko makubwa ya kwanza yaliung'oa, na mto ukawa wazi kwa wiki kadhaa kabla haujajengwa tena. Zege halina tabia hiyo.

Samaki wa vinamasini walibanikwa juu ya chanja kwa moshi na kubebwa mbali. Biashara hiyo ilikutana na nyingine kongwe zaidi, ile ya chumvi ya Uvinza. Hapo Luchugi unapokutana na Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi, na uchimbaji wa kiakiolojia wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi hapo tangu karibu karne ya 5 au ya 6. Wajerumani waliigeuza kuwa kazi ya kampuni mwanzoni mwa karne ya 20. Njia ya msafara kutoka Tabora kwenda Ujiji ilivuka mto katika eneo hilo, na watawala wa Uvinza walitoza ushuru wa kivuko. Richard Burton na John Speke walivuka Februari 1858 wakalalamikia bei. Henry Stanley alivuka mwanzoni mwa Novemba 1871, siku chache kabla ya kumkuta Livingstone Ujiji, akamlipa mwenye mitumbwi na kumlipa mamba pia: punda wake aliyeitwa Simba alikamatwa akiogeleshwa na kuzama. Kwa wageni hao mto ulikuwa kikwazo cha safari. Samaki hawakuwa na nafasi katika hesabu zao, na kwa muda mrefu hawakuwa na nafasi katika hesabu za waliokuja baada yao.

Mabadiliko ya kwanza makubwa katika vijito vya Buha, nchi ya Waha, hayakutokana na umeme. Yalitokana na kuhamishwa kwa watu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwakusanya watu wa sehemu nyingi za Kibondo na Kasulu katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na ndani ya miaka michache maelfu ya kaya zilizokuwa zimetawanyika vilimani zilisogezwa kwenye vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Watu wengi mahali pamoja walihitaji maji mahali pamoja. Mabonde yenye unyevu yaliyokuwa malisho ya kiangazi yakalimwa, mifereji ikachimbwa, na baadaye mabanio yakajengwa.

Banio ni kitu kidogo. Ni ukuta wa zege au mawe, mara nyingi haufiki kimo cha mtu, unaoinua maji ya kijito hadi yaingie kwenye mfereji. Masika hakuna anayeliona, kwa kuwa maji hupita juu yake. Kiangazi hali ni nyingine. Mwezi wa Agosti au Septemba, lango la mfereji likiwa wazi na mpunga au mboga zikihitaji maji, upande wa juu wa banio kuna dimbwi tulivu, upande wa mfereji maji yanakwenda, na upande wa chini, mtoni kwenyewe, kuna mawe yaliyopauka na mabwawa madogo yasiyounganika. Ndani ya mabwawa hayo samaki wamebanana. Ndege huja kwanza, kisha watoto na makapu, kisha jua humaliza yaliyobaki. Samaki wa mawe aliyeishi mita 200 chini ya banio hana pa kukimbilia, kwa sababu juu kuna ukuta na chini kuna kinamasi.

Dimbwi lililo juu ya banio nalo lina matokeo yake. Mawe hufunikwa na mashapo yaliyokuwa yakisombwa na mkondo. Orthochromis hupoteza nyumba, na perege anayependa maji ya kutulia hupata mpya. Hapo huingia suala la samaki wa kupandikizwa. Mabwawa ya kufugia perege yalianza Tanganyika karibu na mwaka 1950, na tangu hapo sato na jamaa zake wamesafirishwa kwa ndoo na magari karibu kila kona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwakuta samaki hao wa kigeni katika mabonde mengi ya Tanzania. Hutoroka mvua inapofurika, na mbaya zaidi huzaana na perege wenyeji, hivyo karomo anaweza kutoweka bila kufa: anachanganyika tu hadi asiwepo tena karomo halisi. Mto wenye kasi ungemzuia sato asipande. Mto uliogeuzwa ngazi ya madimbwi humkaribisha.

Mito mingine ya Tanzania ilipitia jambo hili kwa kipimo kikubwa zaidi, na ilipitia kabla ya mtu kuhesabu kilichokuwamo. Bwawa la Nyumba ya Mungu, katika bonde la Pangani, mahali mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana, lilijengwa katikati ya miaka ya 1960. Miaka michache baadaye samaki walifurika mno, wavuvi wakahamia kutoka mbali, na pato likafikia kilele mwanzoni mwa miaka ya 1970 kabla ya kuporomoka. Ongezeko la namna hiyo hutokea katika mabwawa mengi mapya: nchi kavu iliyozama huoza na kurutubisha maji kwa muda, kisha mbolea hiyo huisha. Wengi waliovuliwa walikuwa perege wa aina zilizoweza kuishi maji yaliyotuama, wakiwamo ngege wa Ziwa Victoria waliopandikizwa. Samaki wa mtoni waliotangulia hawakuwa na takwimu, na kisicho na takwimu hakionekani kikipungua. Chini zaidi, kuta za Hale na maporomoko ya Pangani zilisimama katika njia ya mikunga wanaotoka Bahari ya Hindi wakiwa wadogo kama sindano na kupanda mtoni kukua.

Uganda ilikuwa imeanza mapema. Bwawa la Owen, lililozinduliwa Jinja mwaka 1954, lilizamisha maporomoko ya Ripon, yaliyokuwa lango la Nile. Kando ya Ziwa Victoria, ningu, samaki aliyepanda mito wakati wa mvua ili kutaga kwenye nyasi zilizofurika, aliadimika katikati ya karne ya 20. Katika kisa chake lawama kubwa ni ya nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito wakati majike wamejaa mayai. Inafaa kusemwa waziwazi kwamba bwawa si mkosaji wa kila kosa. Ila samaki anayepanda kutaga ana siku chache tu katika mwaka ambazo njia yake lazima iwe wazi, na kwake haijalishi kama kilichoziba ni wavu au zege.

Usangu, mkoani Mbeya, ndiko uchepushaji peke yake ulikotoa somo. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kabisa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mto ambao haukuwahi kujulikana kukauka. Mabanio ya mpunga hapo juu yalipewa sehemu kubwa ya lawama. Hapakuwa na bwawa kubwa lililozuia maji hayo. Kulikuwa na malango mengi madogo yaliyoachwa wazi hata baada ya mavuno.

Kisa cha Kihansi kilikuwa cha chura, lakini ndicho kilichobadilisha namna serikali na wafadhili wanavyosoma taarifa za mazingira. Chura mdogo wa manjano, Nectophrynoides asperginis, aligunduliwa mwaka 1996 katika nyasi zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa tayari umeanza kujengwa. Maji yalipoingizwa kwenye handaki la mitambo, sehemu ndogo tu ilibaki kuanguka, manyunyu yakakoma, na chura akapungua. Mwaka 2003 idadi yake iliporomoka, na ugonjwa wa ukungu ukachangia. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliosalia walikuwa wazao wa vyura 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000, na ndio waliorudishwa Kihansi kuanzia mwaka 2012.

Ni katika hali hiyo ndipo zamu ya Malagarasi ilipofika. Kwa miongo mingi Kigoma, Kasulu na Kibondo ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli, umeme ghali na wa kukatika. Maporomoko ya Igamba yalionekana kuwa jibu lililolala. Februari 2008 Rais Jakaya Kikwete na Rais George W. Bush walitia saini Dar es Salaam mkataba wa dola milioni 698 za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, na ndani yake ulikuwamo mtambo wa kufua umeme wa megawati 8 hapo Igamba. Uchunguzi wa mazingira ukafuata. Katika mawe ya maporomoko walipatikana viumbe wa majini wasiojulikana kwingine, ambao mradi ungeweza kuwamaliza, na mwaka 2009 mfadhili alijitoa katika mtambo huo. Sehemu ya fedha ilielekezwa kwenye umeme wa jua kwa shule, zahanati na vituo vya biashara mkoani.

Uamuzi huo haukuwafurahisha wote, na haikufaa kutegemea kwamba ungewafurahisha. Mama anayejifungua kwa mwanga wa tochi hana sababu ya kumshangilia samaki wa urefu wa kidole. Hata hivyo mpangilio wa tarehe unasema mengi. Kama Igamba ingejengwa miaka ya 1970, pamoja na bwawa la Kidatu, hakuna ambaye angeuliza, kwa kuwa hakukuwa na orodha ya kuulizia. De Vos na Seegers walikamilisha sehemu ya orodha hiyo miaka kumi tu kabla ya mkataba. Katika sheria za maji, kiumbe asiye na jina hana wakili.

Serikali haikuliacha wazo. TANESCO ilirudi na mpango mpya katika mto huohuo, mkubwa zaidi, wa takriban megawati 50, na mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaidhinisha mkopo wake, pamoja na njia ya kusafirisha umeme hadi Kidahwe karibu na Kigoma mjini. Kwa samaki, swali la mitambo ya aina hii huwa moja: kati ya mahali maji yanapochepushwa na mahali yanaporudishwa mtoni, yatabaki kiasi gani mwezi wa Septemba? Ukubwa wa bwawa ni suala la pili. Mto Kagera umetoa mfano wa karibu. Mradi wa Rusumo wa megawati 80, unaotumiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, ulipunguzwa kutoka mpango wa bwawa kubwa hadi mtambo unaotumia maji yanayopita, ingawa sababu kuu hapo ilikuwa watu na mashamba yao. Wakati huohuo gridi ya taifa imefika Kasulu na Kibondo katika miaka ya 2020. Majenereta yamenyamaza, na sehemu ya umeme unaowaka huko sasa unatoka katika bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 kwenye Rufiji. Mzigo haukufutwa; umehamia kwa samaki wa mto mwingine.

Mtendeli yenyewe ilikutana na suala la maji kwa njia yake. Kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyowahi kuwapo hapo miaka ya 1990 ilifunguliwa tena Januari 2016. Idadi ya watu ikazuiliwa kuwa takriban 50,000, na uhaba wa maji ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mji wa ukubwa huo uliota ndani ya miezi michache juu ya vijito ambavyo havijawahi kubeba mji. Visima vilichimbwa, kuni zikakatwa, na udongo uliokosa miti ukashuka mabondeni mvua iliponyesha. Tope hilo hufanya kazi ileile ya dimbwi la banio: huziba nafasi kati ya mawe. Kambi ilifungwa Desemba 2021 na wakazi waliosalia wakahamishiwa kambi ya Nduta. Vijito vilibaki na kazi ya kujisafisha.

Sheria zinazohusika zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inadai akiba ya maji ibakizwe mtoni kwa ajili ya mahitaji ya watu na ya viumbe kabla ya kugawa kibali kwa mtu mwingine yeyote, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ndiyo yenye kutoa vibali hivyo. Udhaifu uko kwenye kupima. Akiba ya mto mkubwa kama Malagarasi inaweza kuhesabiwa kwa kipimo kilichowekwa darajani. Akiba ya kijito kisicho na kipimo, chenye banio la kijiji, huhesabiwa kwa macho ya anayefungua lango.

Tena bonde halikomi mpakani. Moso, upande wa Burundi, kuna mashamba makubwa ya miwa ya kiwanda cha SOSUMO tangu miaka ya 1980, na maji yanayopita huko ndiyo yanayoingia baadaye Kasulu na Kibondo. Kati ya samaki saba wa 1998, mosoensis na mazimeroensis wanaishi upande huo, nje ya mikono ya sheria za Tanzania. Kasuluensis yuko upande huu, katika vijito ambavyo mabanio yake yanafunguliwa na kufungwa kwa uamuzi wa vijiji vya Kasulu vyenyewe.